Sanduku la Nice

Benedicto, seremala wa Runazi, hakuwahi kuchora kitu mpaka binti yake Nice alipomwonyesha picha kwenye simu. Zilikuwa karatasi za ubatizo za zamani, za Wajerumani waliohamia Amerika. Jina la mtoto lilikuwa katikati, kwa herufi nene zenye kona, na pembeni ndege wawili na maua. Picha iliyofuata ilikuwa ya sanduku la bibi harusi, lenye ndege wale wale na maua yale yale.

"Baba, sisi tunashindwa nini?" Nice aliuliza.

Wakaanza. Nice akaandika majina, baba yake akachora korongo wa bondeni kwao na maua ya maharage. Wazazi wakaleta majina ya watoto, mabibi harusi wakaagiza masanduku. Luhende wa Kaniha alipoleta posa kwa Nice, Benedicto akamtengenezea binti yake sanduku la mninga. Akamaliza kuwachora korongo. Mahali pa jina akapaacha wazi, Nice aandike mwenyewe.

Ndoa ilikuwa imekwisha kutangazwa kanisani malaria ilipompanda Nice kichwani. Walimpeleka hospitali jioni, wakarudi naye asubuhi amefunikwa shuka.

Katekista alijitolea kuandika jina kwenye msalaba wa kaburi. Benedicto akakataa, akashika brashi mwenyewe. Mkono uliozoea mbawa haukuziweza herufi: N ikainama, E ikabanwa ukingoni.

"Nifute nianze upya?" akamuuliza mkewe, Adventina.

"Acha, baba Nice. Watu wanasubiri."

Msiba ulipokwisha, Luhende akaja. Aliamkia, akaketi, kisha akaliomba sanduku.

"La nini?" Adventina akamkatiza. "Mke huna."

"Najua, mama. Nilishalitengea mahali ndani. Kila nikiingia napaona patupu."

Adventina akanyanyuka. Akarudi na vitenge vya binti yake, akavipanga sandukuni kimoja kimoja.

Benedicto alimsaidia kijana kulifunga kwenye pikipiki.

"Baba, hutaliandika jina?"

"Hapana, mwanangu. Hapo ni pake."

Wazazi waliendelea kuja na majina ya watoto. Benedicto aliwaambia ndege atachora, ila jina watafute mtu wa kuandika. Wengine walikubali. Wengine walimpa pole, wakaondoka.