Ukumbi Uliolazimishwa Kushuka Ngazi

Watu walimwita Mama Marumaru, naye jina lilimkaa kama kilemba. Ukumbi wake wa sherehe ulikuwa na ngazi kumi na moja za marumaru nyeupe, na kila asubuhi alisimama kuhakikisha zimepigwa deki mpaka zing'ae. Kwake harusi haikuwa harusi kama bibi harusi hakupigwa picha pale.

Basi Jumamosi moja akaja wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Miaka miwili nyuma alipata ajali, na tangu hapo anatembelea kiti cha magurudumu. Sasa amechumbiwa, tena kwa kishindo, na amekuja kuutazama ukumbi.

"Karibu, wifi yangu!" Mama Marumaru akapiga makofi, wahudumu wawili wakatokea. "Mnyanyueni bibi harusi."

Wifi akawatazama toka utosini hadi viatuni. "Mimi sofa?"

Wahudumu wakarudi nyuma.

"Basi upitie mlango wa jikoni, kule hakuna ngazi."

"Kule mnakoingizia magunia ya viazi? Siku nitakayoingia na viazi, wifi, ndiyo siku mtakayonimenya." Akafunga breki za kiti chake pale chini ya ngazi, akakunja mikono. "Mimi sipandi. Basi ukumbi ushuke."

Mama Marumaru akacheka, akidhani ni utani wa mawifi. Akapanda kuleta vitambaa vya meza. Rangi ya maziwa haikupendeza, akarudi kuleta ya zambarau. Akashusha sahani, akashusha kiti chenye utepe, akashusha kipande cha keki cha kuonjwa. Wahudumu walipojitolea kumsaidia, wifi akawakataza: "Mwacheni. Mwenye duka ndiye aijuaye bidhaa yake." Safari ya sita magoti yalianza kulia kama bawaba kavu.

"Na choo?" wifi akauliza, akilamba keki kidoleni.

"Wewe! Choo nitakuletea vipi hapa?"

"Niletee upana wa mlango wake tu." Akavua futi ya kushonea shingoni, akamkabidhi.

Mama Marumaru akapanda, akapima, akashuka akihema. "Sentimita sitini."

"Kiti changu sitini na nane. Hizo nane niziache nyumbani?"

Hapo uvumilivu ukamwishia. "Mbona wateja wengine hawajawahi kulalamika?"

"Watalalamikaje, wifi," yule akajibu kwa upole, "na mlalamikaji kabaki huku chini?"

 Mama Marumaru akaketi kwenye ngazi yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkumbuka mzee mmoja, mwalimu mstaafu mwenye magongo, aliyekaa ndani ya gari siku nzima wakati mjukuu wake akiolewa juu. Yeye alimpelekea sahani ya chakula dirishani, na siku ile alijiona mkarimu kweli.

"Nitajenga njia," akasema.

"Ya mbele?"

"Ya mbele."

Fundi mwashi akaja Jumatatu, na Ijumaa njia ya mteremko ikawa tayari. Wifi akaja kuikagua, akainamisha kichwa. "Hii ni ya kupandia watu au ya kurushia ndege?" Kweli, ilikuwa imesimama mno. Ikavunjwa, ikajengwa upya, ndefu na ya taratibu, ikameza nusu ya ngazi za marumaru na bustani nzima ya maua. Mama Marumaru alijifungia ofisini ili asisikie nyundo. Mlango wa choo nao ukatanuliwa.

Siku ya harusi, wifi alikataa kusukumwa. Alipanda mwenyewe, taratibu, gauni limekunjwa vizuri mapajani, bwana harusi akitembea ubavuni na shada la maua mkononi kama karani aliyebeba faili. Nyuma yao walipanda mabibi wenye fimbo, na wanamuziki wakiburuta spika zao. Kule juu Mama Marumaru alifuta macho. Alipoulizwa, akasema ni manukato ya wageni.

Chakula kilipokuwa kinaendelea, wifi akamwita kwa kidole.

"Nini tena?" Mama Marumaru akashika kiuno. "Nivunje ukuta?"

"Yule shemeji yangu, mdogo wake bwana harusi. Hasikii, husoma midomo. Na mshereheshaji wenu anampa mgongo."

Mama Marumaru akatazama. Kijana alikaa meza ya pembeni, akicheka kila mara baada ya wenzake, akiiba kicheko kwenye nyuso zao.  Mama Marumaru akakatiza katikati ya ukumbi, akamshika mshereheshaji mabega, akamgeuza kama anavyogeuza chungu jikoni, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni.

"Zungumza ukitazama huku," akamwambia. "Polepole."

Mshereheshaji akarudia kichekesho chake toka mwanzo. Safari hii kijana alicheka pamoja na wote.