Bastola ya Mama Haina pa Kukaa

"Siyo hapo, Mama! Ukiiweka hapo huyo mwanamume atadhani una jipu!"

Lavonda Pruitt akajigeuza mbele ya kioo, kulia, kushoto, akajipapasa. Gauni lilikuwa jipya, la buluu, limemkaa utadhani alizaliwa nalo, isipokuwa juu ya nyonga ya kulia, ambako lilikuwa limevimba kama limeficha mkate.

"Jipu ni ugonjwa wa kawaida," akasema.

"Mama!"

"Basi nitamwambia ni mfupa."

Tressa akajitupa kitandani akajifunika uso kwa mto. Binti huyu, wa pekee, aliyetoka chuo mwezi wa tano tu na shahada yake ya takwimu, wiki nzima hakuwa na habari nyingine kinywani. Mama yake anakwenda dansi! Na mwanamume! Mwanamume mwenyewe Dwight Huckaby, fundi wa pampu za visima, mgane, mpole, mwenye masharubu ambayo mtu unatamani kuyachana. Tressa alishawaambia watu wa posta, watu wa benki, hata mzoa takataka, na mzoa takataka alisema Lavonda amechelewa mno.

Maana tangu baba yake Tressa afariki, miaka minne, Lavonda hakuwahi kutoka na mtu hata kunywa kahawa. Alikubali kwa kusumbuliwa, tena kwa masharti. "Dansi moja, Tressa. Nikirudi nimeaibika, buti hizi za dansi zinakwenda darini, na wewe habari za wanaume usiniletee tena mpaka mnizike." Na Lavonda akisema amesema. Aliwahi kuapa hatagusa tena bamia za kukaanga za wifi yake, na kila sikukuu anapitishiwa sahani anaitazama tu.

"Kwani leo usiiache nyumbani?" Tressa akauliza kutoka chini ya mto.

Lavonda akamtazama kama aliyeambiwa aache meno. "Nikae barabara ya changarawe, nirudi gizani, ng'ombe wa jirani Tidwell wamelala katikati ya njia?"

"Sasa ng'ombe utawapiga risasi?"

"Tochi ndiyo ya ng'ombe. Bastola ni ya watu."

"Na kisu?"

"Cha pai."

Ikabidi litolewe sanduku. Kila nyumba Oklahoma ina sanduku hilo, chini ya kitanda au juu ya kabati, limejaa ala za bastola zilizonunuliwa kwa mapenzi na kuachwa kwa hasira. La Lavonda lilikuwa la buti, limepasuka pembeni. Humo mlikuwa na ala ya ngozi iliyokuwa ikilia kama mlango wa kanisa kila alipokaa, hasa kanisani. Mlikuwa na ya pajani, ambayo iliteremka hadi kwenye kifundo cha mguu mbele ya makopo ya maharage, dukani, siku ya watu wengi. Mlikuwa pia na ya kufunga kwenye sidiria, na hiyo kilichotokea Lavonda hasemi.

"Hamna," Tressa akasema, mikono imejaa mikanda. "Twende kwa Anti Nelda."

Nelda alisoma na Lavonda tangu darasa la kwanza, na sasa ana duka kati ya dobi na duka la chakula cha mifugo: ala, tochi, saa, visu vya kukunja. Tressa amepanga chumba juu ya duka hilo. Nelda ana sheria moja, hauzi ala mpaka amkumbatie mteja. Anafumba macho, anakukumbatia hasa, kisha anataja bastola ilipo. Akiipata, huuziwi. Mchungaji amekumbatiwa, naibu wa sherifu amekumbatiwa mara nne na bado hajauziwa kitu.

"Dansi," Nelda akasema, akimzunguka Lavonda kama anayepima pazia. "Mkono wa kulia wa mwanamume unakaa wapi?"

"Nyuma ya bega."

"Ukiteleza?"

"Mgongoni."

"Akiwa mtu mwenye malengo?"

"Nelda!"

"Kiunoni, basi. Kwa hiyo kulia hapana, kushoto hapana, nyuma ndiyo usiseme." Akatoa mkanda mpana wa kitambaa kinachovutika, kama ule wa mama aliyetoka kujifungua, una ala ya plastiki ngumu iliyoshonewa mbele. "Hapa. Chini ya kitovu. Mwanamume mwenye adabu hagusi hapo, na asiye na adabu akigusa atakuwa amejifunza."

Lavonda akavaa, gauni likashuka vizuri, tambarare, safi. Nelda akamkumbatia, lakini ubavu kwa ubavu kama kawaida yake, akafumba macho, akatulia, akatikisa kichwa. "Sioni kitu. Umepita."

"Siwezi kuinama," Lavonda akasema.

"Unaenda kucheza au kuokota mayai?"

Tochi ilikuwa rahisi: nyembamba kama rangi ya mdomo, ikatumbukizwa kwenye buti. Kwenye saa ndipo palipochimbika. Tressa alitaka ile ndogo ya dhahabu. Lavonda akang'ang'ania lisaa lake la mpira analolishia kuku, lenye namba zinazowaka kijani.

"Mama, hilo ni la askari wa majini."

"Naliona bila miwani. Hiyo yako nitaiuliza saa ngapi nayo itaniuliza mimi."

Basi jioni ikafika, na Lavonda akaingia kituo cha zimamoto, ndiko dansi iliko, akiwa na lisaa lake. Magari ya zimamoto yalikuwa yametolewa nje, sakafu imepigwa deki, kuna maji ya limau yenye barafu, kuna pai za pichi, na wazee watatu wenye fidla, gitaa na kofia. Dwight Huckaby alikuwa amesimama chini ya kengele, shati limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe, masharubu yamechanwa. Alimwona Lavonda akavua kofia, akasahau kuirudisha.

Tressa, aliyekaa mezani na Nelda, alimfinya mkono. "Umeona? Umeona alivyosahau kofia?"

"Niachie ngozi yangu."

Wakaanza kucheza. Na hapo, jamani, mambo yakaharibika.

Walicheza kama watu wawili wanaoteremsha kabati kwenye ngazi. Mikono imenyooshwa, viwiko vimekaza, tumbo la huyu likiwa kwao na tumbo la yule kwao. Ng'ombe mmoja wa Tidwell angepita katikati bila kuomba samahani. Lavonda akirudi nyuma, Dwight naye anarudi nyuma, kila mmoja anatabasamu kwa mbali kama wanaoagana stesheni. Wimbo wa pili vilevile. Walipopumzika kula pai walikula wima, wote wawili, ubavuni mwa viti vitupu, na Dwight alipodondosha uma walisimama wakautazama sakafuni mpaka mtu mwingine akaja kuuokota.

Wimbo wa nne ulipokwisha, Lavonda akaja mezani peke yake. Macho yalikuwa yameanza kulowa, na huyu ni mwanamke aliyewahi kushonwa goti bila ganzi.

"Ananuka?" Tressa akanong'ona.

"Ananukia sabuni."

"Ana maneno mabaya?"

"Ana maneno mazuri. Ila ananishika kama ubao wenye misumari. Nikisogea nusu hatua, yeye anarudi nzima." Akavuta sweta lake kutoka kwenye kiti. "Ameniona kwa karibu, Tressa, akaona mzee. Simlaumu. Nitakwenda msalani, nikitoka tunaondoka. Na buti hizi unajua zinakokwenda."

Akaenda. Nelda akakohoa. Tressa akageuka, akamkuta Nelda amekuwa mwekundu kama gari la zimamoto, anakitazama kikombe chake kana kwamba kina maandishi.

"Anti. Sema."

"Siwezi."

"Anti Nelda!"

"Alikuja Alhamisi."

"Nani?"

"Siwezi kusema nani."

"Dwight?"

"Sijasema Dwight. Masharubu ndiyo yalikuja Alhamisi." Nelda akasogeza kikombe kando. "Yakasema yanakwenda dansi, mkono wa mama mmoja utakaa begani, labda ushuke mgongoni, yafanyeje. Nikayaambia..."

"Usiniambie ulimwambia mbele."

"Mkanda uleule! Rangi tu tofauti!"

Tressa akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kwa hiyo masikini Dwight alikuwa anarudi nyuma ili mama asigundue, na mama alikuwa anarudi nyuma ili Dwight asigundue, na kila mmoja ameumia moyo kwa adabu ya mwenzake!

"Namwambia Mama sasa hivi."

Nelda akamdaka mkono, safari hii akifinya yeye. "Thubutu! Utamwambia mtu mahali mtu mwingine anapobeba bastola?"

Na hapo Tressa akasita, maana Nelda alikuwa na haki. Watu wa huku watakutajia mshahara wa jirani. Watakutajia meno ya mchungaji yapi ni yake na yapi ya kununua. Lakini mtu anapobeba, hapana, halisemwi, hata mke hamsemei mume. Tressa akisema, Nelda anafunga duka, na mama mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kuacha kumwamkia Nelda.

Hawezi kusema. Sawa. Lakini je, wakijisemea wenyewe?

Mbio akaenda jukwaani, akamvuta mpiga fidla suruali. "Babu, ya polepole. Ya polepole kabisa."

"Tumeshapiga moja, binti."

"Polepole zaidi ya hiyo. Ya kusinzilia. Na uwaambie washikane."

Mzee akamtazama, akamtazama Dwight aliyekuwa akiigeuzageuza kofia ukutani, akamwona Lavonda anatoka msalani na mkono mmoja ndani ya sweta. Hakuuliza. Akasogea kwenye kipaza sauti. "Haya, wa mwisho wa leo! Shikaneni karibu, na nisione mtu kakaa. Atakayekaa anaosha vyombo vyote!"

Ukumbi mzima ukainuka. Dwight akavuka sakafu, masikio mekundu, akamfikia Lavonda.

"Naona ni mimi au vyombo," akasema.

"Vyombo ni vingi," Lavonda akasema, akavua mkono kwenye sweta.

Wakaanza. Kabati likateremka ngazi, polepole. Lakini safari hii nafasi haikuwepo, kila mtu alikuwa anakwepa kuosha vyombo, na Tressa akajitia kukusanya vikombe karibu yao, anaomba kimoyomoyo. Akina Tidwell, mume na mke, watu wa mwili wa kutosha, wakaja wakizunguka kinyumenyume kama trekta linaloegeshwa. Mgongo wa Bwana Tidwell ukakutana na mgongo wa Lavonda, ukamsukuma mpaka tumboni kwa Dwight.

Tak!

Plastiki kwa plastiki. Ilisikika mpaka kwenye meza ya limau. Lavonda na Dwight wakaganda, kifua kwa kifua, hakuna anayepumua, na Tressa naye na vikombe vyake asipumue.

"Samahani sana," Dwight akasema, kwa sauti ndogo. "Hizo ni... funguo?"

"Ni funguo," Lavonda akasema haraka.

"Ahaa."

Wakazunguka nusu duara.

"Na zako?" Lavonda akauliza.

"Funguo."

Nusu duara nyingine. Masharubu yakaanza kutetemeka upande mmoja.

"Naona tuna fundi kufuli mmoja," Dwight akasema.

Mwee! Lavonda alicheka! Siyo kicheko cha adabu. Kile cha puani, kinachokoroma, ambacho Tressa hakuwa amekisikia tangu baba yake alipokuwa hai, akadhani kilizikwa naye. Watu wakageuka. Dwight naye akacheka mpaka ikabidi ashikilie bega la mwenzake, akalishikilia, hakuliachia.

"Nilidhani umeniona mzee," Lavonda akasema, akijifuta macho.

"Mimi nilidhani bado nanuka mafuta ya pampu. Nimeoga mara tatu." Akainamisha kichwa. "Niliogopa utaigusa, useme huyu mwanamume gani anakuja dansi ya kwanza na bastola."

"Na mimi ungesema mwanamke gani?"

Dwight akafikiri. "Wa huku."

Kwenye meza ya pai Nelda alikuwa analia na leso, akisema ni moshi, na hapakuwa na moshi.

Wimbo ulipokwisha hao wawili hawakurudi mezani. Walitoka nje, na ndani ya dakika hiyo madirisha yote ya zimamoto yakajaa pua. Dwight alikuwa ameshusha mlango wa nyuma wa pikapu yake, Lavonda amepandishwa juu yake, ameegemea nyuma ili mkanda usimchome, na baina yao wanatoa vya mifukoni na vya kwenye buti na kuvipanga mmoja mmoja, kama watoto wanaobadilishana gololi. Dwight alikuwa na tochi tatu. Sauti yake ilisikika akieleza: moja ya kuonea, ya pili ya kuitafutia ya kwanza, ya tatu aliinunua kwa kuwa ilikuwa nzuri. Lavonda akaiwasha hiyo ya tatu, ikamulika ng'ambo ya barabara mpaka kwenye mnara wa maji, akasema "Ehee!" kama msichana.

Tressa alivumilia. Kwa kweli alivumilia, mpaka viti vikakunjwa na mzee wa fidla akafunga sanduku lake. Kisha akatoka na sweta mkononi, kisingizio kizuri, akajongea pikapu.

"Mama, wanafunga."

"Wafunge."

Lavonda alikuwa ananing'iniza miguu, buti zinagongana. Dwight alikuwa amevaa kofia kinyume na hakuna aliyemwambia.

"Mama, mmezungumza nini? Mtaonana tena? Amesema nini ulipomuuliza... umemuuliza? Bwana Huckaby, amekuuliza?"

"Nimeulizwa," Dwight akasema, akaipindua tochi mkononi, masikio yakawa mekundu upya.

"Umejibu nini?"

"Tressa," Lavonda akasema. "Nenda na Nelda."

"Siondoki mpaka uniambie!"

Lavonda akachukua lile sweta, akajitandika mabegani, akasogea kidogo kumpa Dwight nafasi juu ya mlango wa pikapu. Dwight akajaribu kukaa, akakumbuka kilicho chini ya kitovu, akasimama tena.

"Kesho nitakueleza yote, mwanangu," Lavonda akasema. "Karibu yote. Na usije mapema."