Msemaji wa Magari Mawili ya Sinema

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilimtia Babu Khalfan dawa ya presha ya macho. Asubuhi moja mwaka 2019, tone la kwanza halijakauka shavuni, alinishika mkono.

"Mchumba," alisema, kwa utani wake wa babu kwa mjukuu, "nipeleke leo nikaione roketi ya mwezini. Jicho la kushoto limeshazimika. Hili la kulia nalo linafunga duka."

Niliomba ruhusa hospitali ninakofanya kazi, tukatoka Sharpstown, mtaa wetu huku Marekani. Niliendesha kimya, kama nilivyozoea. Yeye ndiye aliyesema.

Ujanani, huko Muheza, alikuwa msemaji wa sinema. Jumanne, gari la Wamarekani lilitundika shuka jeupe uwanja wa mpira. Ijumaa, gari la Warusi. Wote walimpa kipaza sauti na karatasi ya kusoma. Roketi ya hawa ilikuwa ushindi wa uhuru. Ya wale, ushindi wa wafanyakazi. Jumanne moja akachanganya karatasi. Roketi ya Wamarekani ikitema moto kwenye shuka, yeye akawashukuru makabwela wa Moscow.

"Watu wakafanyaje, Babu?"

"Makofi yale yale! Kina mama wakalia vile vile. Aliyenisikiliza ni mwenye gari peke yake, akanifukuza. Na Warusi nao wakasema, huyu si wetu."

Ndani ya jumba la maonyesho, roketi ilikuwa imelala ubavu. Nilitembea kando yake, nikatembea, na bado haikuisha. Kila tundu la injini lingelimeza gari langu na nafasi ikabaki.

"Naona kivuli," Babu alisema taratibu. "Kikubwa. Nisemee, Mwatumu."

Mimi, ambaye hata kuagiza chakula hunitoa jasho. Watu walijaa kila upande. Nikaanza kwa kunong'ona: weupe wake, mabomba yaliyosokotana kama mishipa, na kule mbali, mbali kabisa, kichumba kidogo cha watu watatu. Sauti yangu ikapanda bila kuniuliza. Babu aliinua uso, machozi yakitiririka.

"Na kama usingepewa karatasi," nilimuuliza, "ungewaambia nini?"

Alivua kofia. Akasimama wima, akiukabili umati usiojua Kiswahili, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia nyumbani.

"Jamani, binadamu ametoka nje ya dunia. Mimi nanyamaza. Tazameni."