Mambo ya Kufanya Siku ya Alhamisi

Jeptoo alikuwa amemgeuza Mista Mark ubavu wa kushoto, goti lake mwenyewe likiwa juu ya godoro, mkono mmoja ukimshikilia mzee begani na mwingine ukisukuma mto nyuma ya mgongo wake, simu ilipoanza kutetemeka mfukoni. Hakuipokea. Mtu wa kilo tisini na mbili humwachi katikati ya safari. Aliusukuma mto mpaka ukakaa, akaingiza mwingine kati ya magoti, akakichungulia kisigino cha kulia chenye doa jekundu tangu Jumatano, kisha akakiinua kisiguse shuka.

"Umestarehe?"

"Kama mfalme," Mista Mark alijibu kwa Kiingereza chake cha polepole. Alijibu hivyo kila baada ya saa mbili.

Ilikuwa kazi ya watu wawili. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango: mkazi ageuzwe kila saa mbili, wahudumu wawili. Jeptoo alichukua kalamu na kwenye mstari wa saa nane mchana akatia sahihi yake, herufi zikiwa zimesimama wima. Kisha akaihamishia kalamu mkono wa kushoto, akaandika Fiona, herufi zikilala kama nyasi baada ya mvua. Fiona hakuwahi kuingia nyumba ile. Labda hakuwahi hata kuzaliwa. Lakini kwenye karatasi alikuwa na miezi kumi na minne kazini, na hakuwahi kuchelewa siku moja.

Ilikuwa nyumba ya kawaida ya matofali huko Mansfield, Texas, yenye nyasi zilizokatwa vizuri na wazee watatu waliotunzwa ndani: Mista Mark, Bi Dorothy na Bi Ruth. Mwenye nyumba alikuwa Mkenya mwenzake, Kanana, shemasi kanisani, aliyekuwa na nyumba nyingine mbili kama hiyo. Jeptoo alilala kwenye chumba kidogo kando ya mashine ya kufulia. Mara ya mwisho kulala nje ya nyumba hiyo ilikuwa mwezi wa Februari, na sasa ilikuwa Novemba.

Alifungua simu. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Kanana, nyuma yake watu wakitoka ibadani.

"Jeptoo mum, habari ya Jumapili? Ile list ya Mexico imefika wapi? Wamama wananisumbua huku. Nataka kila siku na mambo yake, asubuhi mpaka jioni, hatuendi kukaa hotelini tukiangaliana. Na usisahau ile ya mawimbi! Tumeapa lazima tusimame kwa ubao, hata kama ni mara moja. Muulize mzee, si alikaa huko? Haya, God bless."

Kanana alikuwa ametimiza miaka hamsini, na chama chake cha wanawake kumi na mmoja kilikuwa kinakwenda kusherehekea Barra Serena, mji mdogo wa pwani ya Pasifiki ambako watu huenda kupanda mawimbi kwa ubao. Wangeondoka Jumanne na kurudi Jumamosi. Jeptoo, ambaye asingeweza kuvuka mpaka wowote na kurudi, ndiye aliyepewa kazi ya kupanga watakachofanya. Aliandika vizuri. Kanana angeipiga picha orodha na kuituma kwenye kundi la chama.

Daftari lilikuwa mezani jikoni. Jumanne: kufika, kuoga, samaki wa kuchoma kwenye vibanda vya uwanjani, kutembea ufuoni jua likizama. Jumatano: soko la vikapu, kupanda farasi, jioni kuachilia watoto wa kasa baharini. Ijumaa: mashua hadi kisiwani, maandazi ya mahindi kwa mama mmoja aliyejulikana na Mista Mark, kama bado yu hai. Alhamisi ilikuwa tupu. Kila alipofika hapo aliiruka.

Chini ya katoni ya glavu, kwenye droo ya jikoni, ilikuwapo barua ya idara ya uhamiaji. Afike Houston, yeye mwenyewe, Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, aulizwe kwa nini aliomba hifadhi. Alikuwa ameingoja barua hiyo miaka saba. Wakili alimwambia asipofika faili litakwenda kwa hakimu, na huko asitegemee chochote. Kisa chenyewe alikijua kwa moyo. Mumewe alipokufa, shemeji yake Kipngeno, aliyekuwa polisi, alitaka kumrithi pamoja na shamba la chai, na alipokataa akachomewa nyumba. Alimwacha binti yake Cheptanui kwa dada yake huko Bomet, akiwa na miaka tisa. Akikubaliwa, angeweza kumleta. Sasa Cheptanui alikuwa na kumi na sita, na Kipngeno alikuwa ameanza kupita kwa dada yake akiuliza mtoto anamaliza shule lini.

Kanana alikuja mwenyewe saa tisa, amevaa fulana ya waridi iliyoandikwa Malkia wa Hamsini. Nyuma yake alikuja Everline, nesi wa Arlington aliyekuwa mwanachama mwenzake, amebeba katoni ya nepi za watu wazima na bakuli la githeri ya mahindi na maharagwe juu yake.

"Umekonda, wewe," Everline alimwambia Jeptoo, akimfinya mkono. "Hii ni yako. Usiwape wazungu, haitoshi wewe na wao." Miaka mitatu nyuma ndiye aliyemwendesha Jeptoo kwenda kuchukuliwa alama za vidole, akamngoja nje saa nne nzima. Aliingia sebuleni kuwasalimia Bi Dorothy na Bi Ruth, na kicheko chake kikabaki nyuma mlangoni.

Kanana alikuwa ameshalifungua daftari.

"Watoto wa kasa! Aki Jeptoo, una akili. Hawa wamama watalia." Alifunua ukurasa. "Mbona Alhamisi hakuna kitu?"

"Anti, ni hiyo Alhamisi nilitaka tuongee tena."

"Si tuliongea?"

"Nimempata Elirehema. Yuko kwenye ghala huko Arlington sasa, lakini amepewa ruhusa siku mbili. Anawajua wazee wote, alifanya hapa mwaka mzima. Nitatoka Jumatano jioni kwa basi. Alhamisi jioni nimerudi."

"Elirehema hayuko kwenye karatasi zetu, mum. Mkaguzi akija na mimi niko Mexico, ataambiwa nini?"

"Fiona naye yuko kwenye karatasi."

Friji iliunguruma, ikanyamaza. Kanana hakukasirika. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

"Fiona ameandikwa na nani?"

Jeptoo aliuingiza mkono wa kushoto mfukoni.

"Mimi sijui kuandika na kushoto. Wakizichukua zile karatasi wataona mkono wa nani? Mimi nilikuwa nyumbani kwangu nimelala, nikijua nina wafanyakazi wawili." Akamshika kidevu kwa vidole viwili, kwa upole. "Sikutishi, wewe ni binti yangu. Binti ndiye huambiwa ukweli. Ukitoka ukaacha wazee watatu hapa Texas, hiyo si kukosa kazi tu. Ni kesi. Na ukishakuwa na kesi, hao wa Houston watakupa nini?"

"Ni miaka saba, Anti."

"Uta-reschedule. Piga simu, sema unaumwa. Mimi si nimengoja hamsini?" Alicheka, kisha akaona Jeptoo hacheki, akalainisha sauti. "Tutakuweka kwenye maombi. Sisi wote kumi na mmoja, hapo hapo mchangani, tutashikana mikono."

Everline alirudi jikoni. "Mnacheka nini bila mimi?"

"Nampa Jeptoo moyo. Huyu Everline anaogopa maji, unajua? Ati atashika viatu."

"Nitashika viatu na nitashika simu," Everline alisema. "Mtu wa Kakamega na bahari wapi na wapi?"

"Utasimama kwa ubao kama wengine. Lakini mimi kwanza, hiyo birthday si yako." Kanana alimrudishia Jeptoo daftari. "Weka Alhamisi asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Mahali pa watu wasiojua kitu. Usitupeleke kwa vijana wa misuli watucheke. Kesho jioni nitapita kuichukua."

"Sawa, Anti."

Saa kumi Jeptoo alirudi kwa Mista Mark. Safari hii alimgeuza atazame mlangoni. Daktari alikuwa amemwandikia godoro la kujazwa hewa, la kuzuia vidonda. Lilifika, likakaa siku tatu, likahamishiwa nyumba nyingine ya Kanana, ambako mkazi mpya alikuwa na watoto wanaokuja kila wiki. Mista Mark hakuwa na mtu wa kuja. Kabla mikono yake haijaanza kutetemeka alikuwa akitengeneza mbao za kupandia mawimbi, na aliishi Barra Serena misimu sita ya baridi.

"Nieleze tena zile fuo mbili," Jeptoo alimwambia, huku akipangusa kisigino.

Mzee alifumba macho apate kuona vizuri. Kaskazini mwa mji, alisema, ni mchanga mtupu hadi mbali, na mawimbi yake ni kama mtu anayekung'uta blanketi. Hata mtoto wa miaka mitano husimama. Kusini, ukishapita makaburi, kuna ufuo mdogo unaoitwa Rastrillo, yaani reki. Huo ndio mzuri kuliko yote kwa macho. Mchanga mweupe, hakuna vibanda, hakuna watu. Mwamba uko chini ya maji, wenye meno, umejaa miiba ya bahari. Maji yakijaa unapita juu yake bila habari. Yakianza kupwa, wimbi linakunyanyua kama kawaida, halafu linakuweka juu ya reki.

"Nilisaidia kumtoa daktari mmoja wa meno, mtu wa Dallas," Mista Mark alisema. "Hakuwa na sura tena. Waliweka kibao cha onyo. Watalii hukiiba wakakitundike nyumbani."

Jeptoo alivuta shuka, akainyoosha pembe moja, kisha nyingine. Jedwali la maji kujaa na kupwa alikuwa amelitazama kwenye simu tangu juzi, bila kujiambia ni kwa nini.

"Alhamisi maji yatakuwa yamepwa kabisa saa mbili na dakika hamsini asubuhi. Saa moja na nusu yatakuwaje?"

Mista Mark alifumbua macho.

"Yatakuwa yanatoka. Mwamba bado umefunikwa. Huwezi kuuona." Alimtazama usoni. "Nani anakwenda, Jep?"

"Mwenye nyumba."

 Mzee alitazama mahali ilipokuwa imesimama pampu ya godoro la hewa zile siku tatu, penye tundu la umeme lisilo na waya.

"Asubuhi pana kivuli," alisema mwishowe. "Mwandikie hivyo. Na kwamba hakuna watu."

Jikoni, githeri ya Everline ilikuwa bado na joto. Jeptoo aliila kwa kijiko akiwa amesimama, nusu bakuli, akafunika. Alikaa. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa Alhamisi, akaliweka sawa na ukingo wa meza. Kalamu ilikuwa mkono wa kulia. Aliitazama kitambo, halafu akaihamisha.

Alhamisi, aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala. Saa moja na nusu asubuhi. Ufuo wa Rastrillo, kusini mwa makaburi, mwendo wa dakika kumi kwa gari. Mchanga mweupe, kivuli, hakuna watu wa kuwacheka. Pazuri kwa wanaoanza.

Alisoma alichoandika. Hakikuwa na kosa. Aliongeza mstari: Mwenye siku yake ya kuzaliwa aingie wa kwanza, wengine wampige picha. Kisha, baada ya kulitazama bakuli, akaongeza mwingine: Mmoja asiingie kabisa, abaki kushika viatu.

Alitaka kuandika jina, akaona jina litaulizwa. Aliuacha mstari ulivyo. Walikuwa kumi na mmoja. Tisa waliobaki hakuwajua vizuri. Mmoja aliwahi kumletea sweta. Mwingine alikuwa na mapacha waliocheza ngoma kanisani. Alihesabu waliobaki, akaona anaanza kuwakumbuka, akaacha kuhesabu.

Mchana wa Alhamisi hakujua aandike nini. Watu wakishatoka majini hufanya nini? Aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, ikaacha nukta, na nukta ikapanuka. Bi Dorothy akaanza kumwita mama yake kutoka sebuleni, kama alivyofanya kila jua lilipoinama. Jeptoo alikwenda, akamshika mikono, akawa mama yake kwa nusu saa. Akambadilisha Bi Ruth. Akapasha supu, akawalisha wote watatu kwa zamu, akaosha vijiko.

Saa kumi na mbili alimgeuza Mista Mark tena. Goti kwenye godoro, mkono begani, mto mgongoni. Doa la kisigino lilikuwa limefunguka kidogo pembeni.

"Umestarehe?"

Mzee hakusema habari za mfalme. "Umeandika?"

"Asubuhi tu. Mchana bado."

"Kesho ipo," alisema, akageuza uso ukutani kadiri shingo ilivyomruhusu.

Jeptoo alitia sahihi yake kwenye mstari wa saa kumi na mbili. Akahamisha kalamu, akaandika Fiona, bila shida. Kando yake ilibandikwa zamu mpya ya wiki, ambayo Kanana aliileta mchana pamoja na nepi. Alhamisi, usiku na mchana: Jeptoo, Fiona. Alizima taa ya chumba, akapita jikoni kulifunga daftari, na kwenye mwanga wa friji akaziona kurasa zote mbili zilizofunguka, Jumatano na Alhamisi: mkono wake upande mmoja, na upande wa pili mwandiko wa yule mwingine, asiyetakiwa Houston, asiye na mtoto Bomet, ambaye hakuna mtu angeweza kumpata.