Daktari Yuko Mfukoni

Miguu ya Mwanaamina ilivimba hata ikakataa kuingia kwenye kandambili za marehemu mumewe, na Mudathiri alikuwa mtu wa mguu mkubwa. Aliketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, amejifunika shuka jeupe la eda, tumbo la miezi minane likimlemea mapajani. Kichwa kilimgonga tangu alfajiri. Mlango wa chumba aliuona kama umetiwa moshi.

Upande wa pili wa pazia alikaa shemeji yake Mwinyimvua, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa na simu mkononi, anamtafuta daktari.

Msidhani ni huruma. Jana Shehe Abdala alipita kuwajulia hali, akasema mbele ya watu kuwa mwenye eda akiugua hutoka akatibiwa. Hiyo ni dharura, wala haina mjadala. Mwinyimvua alimwitikia kwa adabu, akamsindikiza mpaka njiani, kisha akarudi na yake.

"Dharura ni ya mtu asiye na daktari," alisema. "Shemeji daktari anaye. Yuko humu." Akaupiga mfuko wa kanzu.

Walioleta mradi wa daktari wa simu hapa kijijini Mtunda walikuja na spika na fulana za bure. Walisema sasa mwanamke atatibiwa bila kutoka nyumbani. Mwinyimvua alipiga makofi kuliko wote, na sasa Mwanaamina alijua kwa nini.

Simu ilipokelewa. Sauti ya kijana, ya haraka, ilijaa ukumbini.

"Habari, mzee. Mgonjwa yuko wapi?"

"Yupo ndani. Ni mjamzito, na yuko eda."

"Naomba nimwone."

"Haonekani, daktari."

"Miguu tu, mzee. Nione ilivyovimba."

"Miguu nayo ni yake," alijibu Mwinyimvua. "Wewe niulize mimi."

Daktari akavuta pumzi. Alikuwa na haki ya kukata simu, au ya kugomba, au ya kusema hatibu pazia. Hakufanya hata moja.

"Kichwa kinamuuma?"

"Kinaniuma!" Mwanaamina alipaza sauti kutoka ndani. "Na macho yananipotea!"

"Nani huyo?"

"Ndiye mwenyewe. Kinamuuma kidogo, wanawake unawajua."

"Presha yake imepimwa?"

"Bado."

"Apimwe leo, mzee. Leo hii. Zahanati hapo si ipo?"

"Ipo."

Ipo, kweli. Imefungwa kwa kufuli tangu juzi, maana nesi, ambaye ni mmoja tu, ameitwa mjini Kibiti kwenye semina. Semina ya daktari wa simu. Lakini daktari hakuuliza kama iko wazi, na Mwinyimvua hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa.

"Basi apimwe, mnitumie majibu. Kwa sasa apumzike, apunguze chumvi, anywe dawa ya maumivu. Nina foleni, mzee. Asante kwa kutumia huduma yetu."

Simu ilimwomba Mwinyimvua aipe huduma alama. Akabonyeza nyota zote tano.

"Umesikia, shemeji?" alisema. "Upumzike."

"Nimesikia nipimwe leo."

"Upumzike, ndiyo kauli ya daktari."

"Zahanati imefungwa, shemeji, na wewe unajua. Nipelekwe hospitali Kibiti. Wifi Sihaba atanisindikiza."

"Kwa pikipiki? Umkumbatie kijana wa watu kiunoni, na mdogo wangu hata kaburi halijakauka?"

"Shehe ameruhusu."

"Shehe hakujua kama tuna daktari." Sauti ilishuka, ikawa tamu. "Mwanaamina, mimi sikufungi. Mlango ule pale. Ila ukiuvuka, umemkatalia marehemu eda yake, na ile mikorosho isahau. Na mtoto akizaliwa, sisi ndio kwao."

Mikorosho ile aliipanda Mwanaamina mwenyewe, Mudathiri akichota maji, kabla hajaanguka mnazini akafa, akamwacha katika nyumba ya watu hawa. Eda yake ingekwisha siku atakayojifungua. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na hakuna aliyeuliza atajifungua akiwa hai au maiti. Alijua akibaki atakufa ana mikorosho.

Alishika ukuta, akasimama.

Wifi yake Sihaba, dada wa Mwinyimvua, alikuwa akichambua mchele kwenye mlango wa uani. Alimtazama, akaweka ungo chini, akamshika mkono. "Twende, wifi," alisema. "Atagomba na mimi."

Walitoka pekupeku kwenye jua la adhuhuri. Wanawake kisimani waliacha kuchota. Mmoja alijifunika uso kwa kanga kama aliyeona uchi.

Kijiwe cha bodaboda kilikuwa mkabala na zahanati. Yassin, kijana waliyemjua tangu anatambaa, alishuka kwenye pikipiki yake kabla hawajafika, akainamisha macho.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Mzee Mwinyimvua amepiga simu sasa hivi. Kasema atakayempakia mke wa marehemu asikanyage tena kijijini."

"Yassin, huyu anakufa," alisema Sihaba.

"Kasema daktari ameshamwona, mama."

Wenzake wawili walikuwa tayari wameondoa pikipiki zao. Kwa kazi hiyo mtandao wa simu haukukatika hata mara moja.

Sihaba alimsogeza Mwanaamina kwenye kibaraza cha zahanati, akamkalisha kivulini. "Namfuata Shehe Abdala. Aje awaambie kwa mdomo wake. Usilale, wifi. Unanisikia? Usilale." Akaondoka mbio, kanga mkononi.

Kwenye mlango, juu ya kufuli, palibandikwa picha ya daktari kijana anayecheka, simu sikioni. POPOTE ULIPO, TUPO NAWE. Mwanaamina aliziona nyuso mbili, zote zinacheka. Chini yake palikuwa na namba ya kupiga. Simu hakuwa nayo.

Aligeuka dirishani. Kioo kilivunjika siku nyingi, zikabaki nondo. Ndani, juu ya meza ya nesi, ilikaa mashine ya presha, mpira wake umezungushwa vizuri, ikingoja kama kitu cha dukani. Aliita "Hodi". Akaita tena. Masikio yalianza kuvuma.

Kijiweni Yassin alikuwa amempa mgongo.

Mwanaamina alipandisha shuka jeupe mpaka begani, akapitisha mkono wake uliovimba katikati ya nondo, akaunyoosha kuelekea mezani, kiganja juu, kama mtu anayepimwa. Akangoja.