Ndugu wa Safu ya Pili

Jumanne, tarehe 10 Machi 2015, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yakigonga mabati ya maabara na upepo ukivuma kutoka upande wa viwanja vya michezo, nilikunywa nusu glasi ya sumu niliyoiagiza mwenyewe.

Sikujua kuwa ni sumu. Nilijua kuwa ni chaki. Kiungulia kilikuwa kimenisumbua tangu mwaka uliotangulia, na badala ya kupanga foleni zahanati kama watu wengine, nilimwagiza mtunza stoo anikorogee kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nusu kijiko cha kaboneti ya kalsiamu katika maji. Ni unga mweupe uleule ambao viwanda vya dawa huugandamiza ukawa vidonge vya tumbo. Kwa upande wa kemia sikuwa nimekosea. Lakini juu ya mlango wa maabara ile zimebandikwa kanuni kumi na mbili nilizoziandika kwa mkono wangu, na ya kwanza inasema kwamba hakuna kitokacho stooni kitakachoingia kinywani. Nimesoma katika shule hiyo ya sekondari miaka sita, nikilala bweni la tatu. Nimerudi kuifundisha miaka kumi na tisa. Nimewatoa wanafunzi nje kwa kosa la kumung'unya peremende karibu na meza za majaribio. Kanuni hiyo niliivunja kila siku ya kazi kwa miezi kumi na mmoja, nikiwa nimefunga tai.

Mtunza stoo tulimwita Mzee Kizibo, kwa sababu hakuvumilia kuona chupa ikikaa wazi hata kwa muda wa kupiga chafya. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini stoo ile aliijua kama mtu anavyozijua nyufa za nyumba yake. Mimi ndiye niliyempangia stoo hiyo. Niliikuta imepangwa kwa herufi, tindikali zikilala ubavuni mwa vitu visivyopaswa hata kuzinusa. Nikapaka mistari ya rangi ukutani na kwenye rafu, safu wima kumi na nane na rafu saba kwenda chini, hadi ukuta mzima ukawa jedwali la elementi, na kila kopo likakaa penye elementi yake. Kisha nikamfundisha kulisoma. Ukienda kulia, nilimwambia, kila hatua elementi inaongeza protoni moja, na tabia inabadilika, kutoka metali zenye pupa hadi gesi zisizotaka kushirikiana na mtu. Mstari ukiisha unaanza upya chini yake, na tabia zinajirudia. Ndiyo maana waliomo katika safu wima moja ni ndugu: elektroni zao za nje ni sawa kwa idadi, na wanaungana na wengine kwa mtindo mmoja. Ndugu wa safu moja, tabia moja.

Maneno hayo aliyapenda mno. Wakaguzi walipokuja, yeye ndiye aliyewatembeza, akiwaonyesha koo za elementi kwa kidole kana kwamba ni jamaa zake, na wakaandika sifa. Sifa hizo nilizipokea mimi.

Asubuhi hiyo nilikunywa nusu tu kwa sababu kengele ililia. Nilikuwa sijawahi kuchelewa kengele. Saa tatu kasorobo, nikiwa nimeegemea ubao, midomo ilianza kunichonyota, kisha ganzi ikaizunguka. Tumbo likanyongwa, likaachia, likanyongwa tena. Nikawapa wanafunzi zoezi la ukurasa mzima, nikaenda chumba cha maandalizi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, maana walikuwa wananitazama.

Kizibo alikuwa akisuuza neli za majaribio.

"Mzee Kizibo, maji ya leo umeyachota wapi?"

"Palepale bombani, Mwalimu."

"Na glasi?"

"Nimeiosha mara mbili. Mbona unanihoji kama askari wa zamu?"

"Unga uliweka kiasi gani?"

"Kilekile." Akakausha mikono kwenye koti lake. "Ila nisikufiche, kalsiamu imekwisha. Tumeimaliza, mimi kwa kukoroga na wewe kwa kunywa." Akacheka kidogo. "Nikaona Mwalimu wangu asishinde na kiungulia siku nzima. Nikaazima kwa ndugu yake."

"Ndugu yupi?"

"Si wa safu ileile? Chini yake ni strontiamu, na huyo hajawahi kununuliwa, nafasi yake wazi. Nikashuka kwa anayefuata. Bariamu. Kaboneti kwa kaboneti. Sikuvuka ukoo."

Nilishika ukingo wa sinki. Kaboneti ya bariamu ni unga mweupe, hauna harufu, hauna ladha ya kumshtua mtu, na watu wameutumia kuulia panya. Ukifika tumboni, tindikali ya tumbo inauyeyusha, na bariamu inaingia katika damu. Humo inaziba njia ambazo potasiamu hupitia kutoka ndani ya misuli, na damu inapungukiwa nayo. Miguu inalegea kwanza, kisha mikono, kisha kifua kinasahau kupumua, na moyo unayumba. Nilikuwa nikiyajua hayo yote kwa mpangilio, kama mtu anayejua vituo vya njia yake ya kwenda nyumbani, na midomo ilikuwa imeshakwisha kufa ganzi.

"Kwa nini hukupanda juu?" nilimuuliza. Sauti yangu ilikuwa ya darasani. "Juu ya kalsiamu kuna magnesiamu. Kaboneti yake ingenitibu vizuri kuliko chaki."

"Juu kuna ngazi, Mwalimu. Na goti hili unalijua."

Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza, na neli ikamponyoka, ikavunjika sakafuni. Hakuinama kuiokota.

"Mwalimu. Nimekuua?"

"Bado. Mwite dereva alete gari hapa mlangoni, kisha rudi haraka."

Alirudi akihema. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika hamsini kwa barabara ile na mvua ile, na mimi sikuwa na hakika kwamba nilikuwa na dakika hamsini. Kulikuwa na jambo moja la kufanya kwanza. Bariamu ikikutana na salfeti hushikamana nayo ikawa unga usioyeyuka kwa maji wala kwa tindikali ya tumbo. Ni mkaidi kiasi kwamba hospitali huwanywesha wagonjwa unga huohuo kabla ya kuwapiga picha za matumbo, nao hupita na kutoka kama ulivyoingia. Nilihitaji salfeti inayoyeyuka. Ilikuwapo stooni: salfeti ya magnesiamu, safu ya pili, rafu ya juu.

"Iteremshe," nikasema. Miguu yangu haikuwa ya kupandia kitu tena.

Akapanda na goti lake, akiguna kila kipago, akashuka amelikumbatia kopo. Alipoliweka mezani hakuliachia.

"Mwalimu, na hili nalo…"

"Nalo nini?"

"Kidato cha pili walilitumia sana mwezi uliopita. Lilipungua. Nililijazia."

"Ulilijazia kwa kitu gani?"

"Sikumbuki. Kwa ndugu yake mmojawapo."

Jasho jembamba lilinitoka, na sikujua ni la hofu au la bariamu. Nilitaka kumfokea. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya miaka kumi na tisa. Lakini kila neno lililonijia lilikuwa jibu la sentensi niliyoisema mwenyewe, mbele ya rafu zile, nikiwa na fimbo ya kuonyeshea.

"Nisikilize. Ulijazia salfeti kwa salfeti? Hukuweka kitu kingine?"

"Salfeti kwa salfeti. Naapa kwa mama yangu."

"Na hukuvuka safu?"

"Mimi? Nivuke safu?" Hata katika saa ile alionekana kuumizwa na swali.

Ilinibidi niliamini neno lake, maana nje ya hilo sikuwa na kitu. Na kama neno lake lilikuwa kweli, jedwali lenyewe lingeweza kuniambia kilichomo ndani ya kopo, kwa ile nusu ya somo ambayo sikuwahi kumfundisha. Ndugu wa safu moja hawalingani. Kila ukishuka rafu, atomu inaongeza tabaka jingine na kunenepa, na tabia inasogea hatua moja, kwa mwelekeo uleule. Katika safu ya pili, salfeti zinazidi kukataa maji kadiri unavyoshuka: ya magnesiamu inayeyuka mara moja, ya kalsiamu inayeyuka kidogo tu kwa shingo upande, ya bariamu haiyeyuki kabisa. Kati ya hizo tatu tulizokuwa nazo, hakuna hata mojawapo ambayo ingenidhuru. Lakini moja tu ndiyo ingeniponya; hizo nyingine zingekuwa sawa na kunywa vumbi, huku saa ikienda.

"Kijiko kimoja kwenye bika. Maji ya moto. Koroga."

Alikoroga. Maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Tulingoja. Weupe ukaanza kutuama chini, taratibu, bila aibu.

"Hiyo si magnesiamu," nikasema. "Uliiweka juu. Chimba chini."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa ya kopo, Mzee. Iliyokuwapo kabla yako."

Akaingiza mkono mzima na kijiko hadi kwenye kiwiko. Alichotoa kilikuwa na punje zinazong'aa. Kijiko cha kwanza kikayeyuka kabla hajamaliza mzunguko wa tatu. Maji yakabaki maangavu, nikaiona saa ya ukutani kupitia kwenye bika. Cha pili vilevile. Cha tatu.

"Nikuonjee kwanza?" akauliza.

"Vitu vya stoo hii havionjwi."

"Haya, Mwalimu," akasema polepole, akinitazama. "Na wewe unasema hivyo."

Nilikunywa. Ni chungu kiasi cha kukunja uso hata wenye ganzi. Nikamwambia anikorogee nyingine ya njiani, na akanishika kwapani hadi garini, kwa maana goti la kushoto lilikuwa limekataa kazi, na sasa tulikuwa wachechemeaji wawili.

Njia nzima alinisemesha nisilale. Nilimtaka arudie safu ya pili. Akairudia kama dua: berili, magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu, radiamu. Alipofika bariamu kila mara alishusha sauti. Tulipofika nusu ya njia nilishindwa kuinua mkono wa kulia. Nilimwambia jina la kitu nilichokunywa na kiasi chake, na kwamba madaktari wapime potasiamu, ili mdomo ukishindwa aseme yeye. Mdomo ulishindwa karibu na lango. Aliyasema yote mbele ya daktari, bila kuacha neno, na akaongeza: "Nimemtilia mimi. Andika hivyo."

Nilitundikiwa dripu ya potasiamu siku mbili, moyo wangu ukichorwa kwenye kioo cha mashine mistari isiyopendeza. Siku ya tatu mkono uliinuka. Daktari alisema kwamba nusu glasi niliyoiacha na chumvi ile chungu ndizo zilizoniokoa, na kwamba bila mtu wa kusema jina la sumu wangenitibu tumbo la kuendesha hadi nife. Hapo ndipo nilipotambua kuwa nilikuwa na deni kwa Kizibo.

Nilirudi kazini tarehe 24. Mkuu wa shule, ambaye tulisoma naye darasa moja, alinisukumia karatasi juu ya meza yake.

"Barua ya kumwachisha kazi mtunza stoo. Inangoja saini yako tu, kama mkuu wa idara."

"Amebakiza muda gani kustaafu?"

"Mwaka na nusu. Inasikitisha, lakini amekunywesha sumu, bwana."

"Nilikunywa mwenyewe. Kalsiamu ya shule iliisha kwa sababu niliimaliza mimi, kijiko kwa kijiko."

"Hilo si lazima liandikwe." Akashusha sauti. "Andika kwamba ulikuwa katika jaribio, ukameza kwa bahati mbaya unga wa kopo alilolichanganya yeye. Mwezi wa saba unakuwa makamu wangu. Usijitie kitanzi kwa ajili ya mzee wa chupa."

"Tulipokuwa bwenini, aliyekosa alisimama mwenyewe kabla ya kuhesabiwa."

"Tulikuwa watoto."

"Basi sasa tumekua."

Sikutia saini. Niliandika barua nyingine, ukurasa mmoja, palepale mbele yake, nikiazima kalamu yake. Nilisema kwamba nilikunywa kemikali za shule kinyume cha kanuni nilizoziweka. Kwamba nilimwagiza mtu aliye chini yangu anihudumie katika kosa hilo. Na kwamba kubadilishwa kwa makopo kulitokana na somo nililolifundisha nusu, nikaacha kusema kwamba ndugu wa safu moja hutofautiana kadiri wanavyoshuka, na kwamba tofauti hiyo inaweza kuua. Nikaomba adhabu yoyote iandikwe kwa jina langu.

Bodi ya shule ilikaa Ijumaa. Nilivuliwa uongozi wa idara, na habari ya umakamu haikutajwa tena. Kizibo alionywa kwa mdomo, akabaki na kazi yake na funguo zake.

Jumatatu alinikuta stooni nikiandika maonyo mekundu kwenye safu ya pili, kopo kwa kopo.

"Mwalimu, wamenieleza," akasema. "Lakini aliyekutilia ni mimi. Kwa nini ulipe wewe?"

"Kwa sababu uliposimama mbele ya daktari ulisema ukweli wote, na nikaishi. Nilikuwa na deni lako. Ijumaa nimelilipa."

"Lote?"

"Lote. Hunidai, sikudai."

Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, akapokea malipo ya deni lake.