Picha Sita Zisizo na Mtu

Mwaka ule hoteli za watu binafsi zilipoanza kuchipua Lushoto, mwenye hoteli mmoja alimwagiza Hezekia picha za milima, atengeneze kadi za kuwauzia watalii. Hezekia aliirukia kazi ile. Miaka kumi na minne alikuwa akipiga paspoti na maharusi mbele ya pazia lililochorwa milima ya theluji, na sasa ameambiwa apige milima ya kwao.

Kumbe jicho lilikuwa limemwishia. Wiki tatu alizunguka, Irente, Mlola, hadi Lukozi alikozaliwa, na kila alipoinua kamera aliona makabeji na ukungu, mambo yale yale. Akaanza kuamini kwamba hakuwahi kuwa mpiga picha; alikuwa fundi wa kuwaambia watu wasipepese macho, basi.

Ndipo asubuhi moja, kwenye shamba la marehemu mama yake kule Lukozi, akaiona njia. Mama aliikanyaga miaka thelathini akibeba majani ya ng'ombe. Ilipanda mteremko, ikapanuka kidogo pale alipozoea kutua mzigo, kisha ikaendelea hadi ikamezwa na ukungu. Hezekia hakuwa na picha hata moja ya mama yake. Kila mara alimwambia atampiga siku wateja wakipungua. Alipiga picha sita, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia kama mtoto.

Mkanda uliobaki aliumalizia kwenye sherehe ya kipaimara, maana filamu haitupwi, akaupeleka Tanga kusafishwa. Alipoufuata baada ya wiki mbili, Salimu, fundi wa kusafisha picha, alimkabidhi bahasha ya watoto wa kipaimara. Hezekia akazipitia mara mbili, akauliza zile za mwanzo ziko wapi.

"Zile sita? Hazikuwa na mtu, kaka," Salimu akasema kwa upole. "Nilijua kamera ilijifyatua yenyewe. Nikazikata kwenye negativu, nikazichoma na takataka, zisije zikakuchanganya."

Hezekia hakumgombeza. Angeanzia wapi, na yeye mwenyewe mwaka jana angefanya vilevile? Alinunua mkanda mpya, na kesho yake akapanda basi la kwanza kurudi milimani.

Alimkuta Alen, mdogo wake, amesimama katikati ya mteremko na jembe mkononi. Udongo mwekundu ulikuwa umegeuzwa wote, chini hadi juu, tayari kwa viazi. Alen alimpa shikamoo yake, akamuuliza mbona kaka amekuja ghafla hivi. Hezekia akamwomba kitu kimoja tu, amwonyeshe njia ya mama ilipopita.

"Si ni hapa," Alen akasema, akielekeza jembe kushoto kwa mgomba.

Hezekia alikuwa ameshaanza kutembea upande wa kulia. Akasimama. Wakautazama ule udongo, na hakuna kati yao aliyekuwa na uhakika.